Nani Aliizima Besi? Kisa cha ...And Justice for All

Isikilize ...And Justice for All, albamu ya 1988 ya bendi ya metal ya Marekani, Metallica, kwa spika nzuri, nyimbo zote 9, dakika 65 mfululizo, na utahisi kuna kitu kimepungua kabla hujajua ni kitu gani. Magitaa yapo, makavu na makali. Ngoma ya mguu inagonga mbele kabisa. James Hetfield anaimba karibu na sikio lako. Ila kule chini, mahali ambapo muziki mzito hupata uzito wake, pako wazi. Bendi ilikuwa na mpiga besi. Jina lake, Jason Newsted, limo kwenye jalada, na alirekodi sehemu zake kama wenzake. Marekani peke yake albamu imethibitishwa kuvuka nakala milioni 8, na wengi walioinunua hawajawahi kumsikia humo.

Mashabiki wana simulizi wanayoipenda kuhusu jambo hili, nayo ni simulizi ya uonevu. Mpiga besi wa awali alikufa, mgeni akaletwa kushika nafasi yake, waliofiwa wakamtolea uchungu wao, na besi ikazimwa ili kumwonyesha kwamba hatakiwi. Uonevu ulikuwepo kweli, na Newsted mwenyewe ameueleza mara nyingi. Lakini nikifuata kazi ya albamu hii hatua kwa hatua, tangu mikanda ya kwanza hadi dukani, naona jambo la kawaida zaidi ambalo kwangu linaumiza zaidi. Besi ilipungua kidogo katika kila chumba ilimopitia, na hakuna chumba hata kimoja kilichokuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuitetea.

Kiti cha Cliff Burton

Hetfield na Lars Ulrich, mpiga ngoma aliyezaliwa Denmark, waliunda Metallica huko Los Angeles mwaka 1981. Walipomwona Cliff Burton akipiga besi walimtaka kwa udi na uvumba. Burton alikataa kuhamia Los Angeles, basi bendi nzima ikahama kumfuata eneo la San Francisco mwaka 1983. Ni bendi chache sana za rock zilizowahi kuhama mji kwa ajili ya mpiga besi. Katika albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, Burton alipewa kipande kizima cha kupiga besi peke yake, akisindikizwa na ngoma mwishoni. Alipiga kwa vidole, akapitisha besi kwenye vifaa vya kuikwaruza sauti, na pale magitaa yalipokuwa yakikimbia mstari mmoja yeye alitafuta wa kwake. Katika Master of Puppets ya 1986 kuna sehemu ambazo msikilizaji asiyejua hudhani ni gitaa la solo, kumbe ni yeye.

Alfajiri ya tarehe 27 Septemba 1986 basi lao lilipinduka barabarani karibu na Ljungby, Sweden. Burton alikufa akiwa na miaka 24. Wiki sita baadaye, tarehe 8 Novemba, Metallica walikuwa jukwaani tena na Newsted, kijana wa miaka 23 kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam ya Phoenix, Arizona. Wiki sita. Hakuna mtu anayemaliza msiba kwa wiki sita, na hao walikuwa vijana ambao hawakuwa na mzee wa kuwaambia wapumzike. Kazi ilikuwa imepangwa, tiketi zimeuzwa, wakaenda.

Yaliyomkuta Newsted njiani yanajulikana. Bili za hoteli za wenzake ziliandikwa kwenye chumba chake. Alizushiwa mambo mbele ya wageni. Alitaniwa hadi utani ukapoteza maana yake. Watu wa karibu na bendi, na wanabendi wenyewe baadaye, wamekubali kwamba ulikuwa msiba uliokosa njia ya kutokea.

Hata hivyo kuna ushahidi ambao simulizi ya uonevu haiwezi kuubeba. Mwaka 1987 Metallica walitoa rekodi fupi ya nyimbo za watu wengine, ile yenye bei ya dola 5.98 ndani ya jina lake ili wenye maduka wasiipandishe. Ilirekodiwa haraka, bila mapambo. Huo ndio wakati uonevu ulikuwa wa moto, chini ya mwaka mmoja tangu Newsted ajiunge. Na besi yake humo inasikika wazi, nene, inanguruma, hata kabla magitaa hayajaingia. Kama nia ilikuwa kumfuta, walikuwa na nafasi nzuri mapema na hawakuitumia. Kilichobadilika kati ya 1987 na 1988 ni namna ya kufanya kazi, na hapo ndipo panapotakiwa kuangaliwa.

Studio ya One on One

Kazi ilianza Januari 1988 katika studio ya One on One, Los Angeles, ikaendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Prodyuza waliyemzoea, Flemming Rasmussen, ambaye walirekodi naye albamu mbili zilizotangulia huko Copenhagen, hakuwa na nafasi mwanzoni. Wakaanza na Mike Clink, aliyetoka kutengeneza albamu ya kwanza ya Guns N' Roses. Hawakuelewana kikazi. Baada ya muda mfupi Rasmussen akaitwa kutoka Denmark, na alichoacha Clink ni kazi ya ngoma katika nyimbo mbili pamoja na nyimbo mbili za kuazima zilizotoka nyuma ya singo.

Nyimbo za albamu hii ndizo ngumu kuliko zote walizowahi kuandika. Zina vipande juu ya vipande, hesabu ya midundo inabadilika katikati ya mstari, na wimbo unaobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Hazikuweza kupigwa na watu wanne wakitazamana chumbani na kumalizika. Zilijengwa. Ulrich alipiga ngoma kipande kwa kipande, na Rasmussen akakata mikanda kwa wembe na kuiunganisha hadi wimbo ukasimama. Hetfield akaja juu yake, akarekodi gitaa la ridhimu tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likifuata lililotangulia bila kupishana hata kidogo. Hapo wimbo ulikuwa umeshajaa. Walioujaza ni watu wawili, na ni watu haohao walioandika sehemu kubwa ya muziki, waliomsimamia prodyuza, na waliokuwa na neno la mwisho.

Newsted aliingia mwishoni na karibu peke yake. Amesimulia kwamba alirekodi besi akiwa na fundi mitambo msaidizi, Toby Wright, bila Hetfield, bila Ulrich, bila Rasmussen. Alikuwa na kifaa chake kilekile cha jukwaani. Hakuna aliyekuwepo kumwambia kwamba hapa gitaa limejaa, wewe teremka. Hapa ngoma ya mguu inapiga mfululizo, wewe iache ipumue. Alifanya alichokijua vizuri, yaani kufuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, kwa kasi ileile na usahihi uleule. Rasmussen, mmoja wa watu wachache waliosikia mikanda hiyo besi ikiwa peke yake, amesema miaka mingi baadaye kwamba ilipigwa vizuri sana. Namwamini. Shida haikuwa vidole vya Newsted.

Kwa nini besi humezwa

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu wengi huongelea kisa hiki kana kwamba ni suala la kitufe kimoja kilichoshushwa.

Uzi mzito wa gitaa la kawaida ukipigwa wazi hutoa sauti ya hezi 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Uzi mzito wa besi hutoa hezi 41, oktava moja chini. Lakini hakuna uzi unaotoa sauti moja tupu. Juu ya ile ya msingi hupanda nyingine, maradufu yake, mara tatu, mara nne. Kwa hiyo sauti ya pili ya besi inaangukia palepale ilipo sauti ya msingi ya gitaa. Besi ikipiga mstari uleule wa gitaa, kwa wakati uleule, sikio halisikii ala mbili. Linasikia gitaa moja nene. Burton aliliepuka hilo kwa kutangatanga nje ya mstari wa gitaa. Newsted, katika nyimbo hizi, alibaki ndani yake.

Halafu kuna mguso wenyewe. Burton alipiga kwa vidole, na kidole cha nyama kina mwanzo wa mviringo, sauti inavimba nusu papo kabla ya kujaa. Newsted alitumia kibao kidogo cha plastiki, kama Hetfield. Kibao hicho kikikwaruza uzi wa chuma hutoa mlio mkavu mwanzoni mwa kila noti, na mlio huo ndio unaoliambia sikio kwamba hapa kuna besi. Sasa mlio wa besi unapotokea sekunde ileile na mlio wa magitaa mawili au matatu ya Hetfield, unafunikwa. Utambulisho wa besi unapotea hata kama sauti yake ipo.

Bado kuna toni ya gitaa. Hetfield wakati ule alipenda kukata masafa ya kati, yaani sauti zilizo kati ya nene na nyembamba, na kuongeza yale ya chini na ya juu. Toni hiyo ndiyo iliyowapa vijana wengi wa thrash, metal ya kasi, hamu ya kushika gitaa. Ukiziba nyuzi kwa kiganja, inagonga kifuani. Lakini inagonga kifuani kwa sababu imepanda kwenye nafasi ya besi. Na upande wa pili ipo ngoma ya mguu ya Ulrich, ambayo uzito wake unakaa karibu na hezi 60 hadi 100, juu yake ukawekwa mlio mkali ili kila pigo lisikike katikati ya kasi. Besi ikabaki na kipande kidogo sana cha kukalia, kati ya ngoma iliyo chini na gitaa lililoshuka.

Mchanganyaji wa sauti, yaani anayeamua kila ala isikike kiasi gani, akiwa makini huliona hili na huchagua. Anaweza kupunguza sehemu ya chini ya gitaa ili besi ipite. Anaweza kuipa besi masafa ya kati ambayo gitaa limeyaacha wazi, na kwa toni ile ya Hetfield masafa hayo yalikuwa wazi kabisa, yanasubiri mtu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaondoa kisingizio kwamba haikuwezekana. Nafasi ilikuwepo. Ilitakiwa mtu aseme kwamba gitaa lishuke kidogo, na katika bendi ile kumwambia Hetfield na Ulrich washushe gitaa na ngoma lilikuwa jambo zito.

Hata santuri haiwezi kusingiziwa. Ni kweli masafa ya chini yanahitaji mfereji mpana kwenye santuri, na upande mmoja ukijazwa muziki mrefu mno fundi hulazimika kupunguza besi. Lakini albamu hii iligawanywa kwenye santuri mbili, kila upande ukawa na kama dakika 16, nafasi ya kutosha. Na kwenye CD, ambako kizuizi hicho hakipo, besi haipo vilevile.

Bearsville

Kuchanganya sauti kulipewa Steve Thompson na Michael Barbiero, katika studio ya Bearsville, jimbo la New York. Rasmussen hakuwepo. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa la mpangilio katika kisa chote: mtu pekee aliyejua kila kilichomo kwenye mikanda hakuwa chumbani wakati wa kuamua kipi kisikike.

Wakati huohuo Metallica walikuwa barabarani. Mwishoni mwa Mei 1988 walianza ziara ya viwanja vikubwa ya Monsters of Rock wakiwa na Van Halen, Scorpions, Dokken na Kingdom Come. Hetfield na Ulrich walikuwa wakipiga tamasha, wanapanda ndege, wanafika studio, wanasikiliza, wanatoa maagizo, wanarudi jukwaani. Hetfield ameeleza baadaye kwamba masikio yao yalikuwa yamechoka kabisa. Sikio lililotoka kwenye kelele kubwa hupoteza kwa muda uwezo wa kusikia masafa ya juu, hasa karibu na hezi 4,000. Mwenye sikio hilo akikaa mbele ya mtambo wa kuchanganyia sauti anaona kila kitu kimefifia, anaongeza masafa ya juu, kesho yake anaongeza tena. Masafa ya chini hayajaguswa, lakini kwa uwiano yameshapotea. Ndiyo maana albamu hii ni kavu kiasi kile. Magitaa na ngoma vilisogezwa juu na watu ambao hawakuweza kusikia kwamba vimeshafika.

Thompson amesimulia upande wake mara kadhaa. Kwa maelezo yake, Ulrich alifika na mipangilio ya toni ya ngoma aliyokuwa ameshaiamua, kisha akaagiza besi ishushwe mpaka isikike kwa shida, na ilipofikia hapo akaagiza ishushwe desibeli 5 zaidi. Desibeli 5 si kidogo. Nguvu ya sauti hubaki karibu theluthi moja tu ya ilivyokuwa, na hiyo ni baada ya kuwa imeshashushwa. Thompson anasema alipinga, na kwamba mchanganyo aliouanza mwenyewe ulikuwa na besi. Anasema pia kwamba mwaka 2009, bendi ilipoingizwa kwenye jumba la heshima la rock huko Cleveland, Ulrich alimgeukia akamuuliza besi ya Justice ilikwenda wapi.

Ulrich naye ana maelezo yake, na siyatupi. Amekiri kwamba albamu ile tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya watu wawili, yeye na Hetfield. Lakini amekataa kwamba walikaa wakapanga kumdhalilisha Newsted. Walikuwa wakiongeza gitaa la ridhimu, wakaongeza tena, hadi besi ikazama. Ukiyaweka maelezo ya Thompson na ya Ulrich pamoja hayapingani kama yanavyoonekana. Mtu anayetaka ngoma na gitaa visikike zaidi, na aliye na masikio yaliyochoka, ataisikia besi kama ukungu unaofunika anachokipenda, na ataomba iondolewe. Hahitaji chuki kufanya hivyo. Anahitaji tu kuwa na mamlaka, na mwenye besi awe hayupo.

Newsted hakuwepo Bearsville kuamua. Hilo ndilo ninalolishika. Uonevu wa njiani haukuishusha besi kwa desibeli zile, ila ulimfundisha Newsted kwamba yeye si mtu wa kuuliza, ukawafundisha wenzake kwamba si mtu wa kuulizwa. Alichangia wimbo mmoja katika uandishi, Blackened, unaofungua albamu. Burton, aliyekuwa ameshakufa karibu miaka miwili, alitajwa kama mtunzi katika wimbo mwingine uliojengwa kwa vipande alivyoviacha. Nafasi ya Burton iliheshimiwa kwa maandishi, na ni sawa kabisa. Aliyekaa kwenye kiti chake hakupewa hata kusikika.

Alipoisikia albamu iliyokamilika, Newsted alikasirika sana. Amelisema hilo bila kuficha. Alikaa kwenye bendi miaka mingine kumi na zaidi, hadi Januari 2001.

Albamu inatoka

Kampuni ya Elektra walipoitoa Marekani mwaka 1988, hakukuwa na mtu wa nje wa kuwaambia kwamba wamekosea. Ilifika nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard na ya 4 Uingereza. Kwa bendi ya thrash, yenye nyimbo za dakika 7 na 8 kuhusu mahakama zinazonunuliwa, dunia inayoungua na sheria zinazobana kauli, na ambayo redio haikuwa ikiipiga, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kisha ukaja wimbo One, kuhusu mwanajeshi aliyebaki hai bila viungo, bila macho, bila kusikia. Metallica walikuwa wamekataa kutengeneza video miaka yote. Mwanzoni mwa 1989 walitoa yao ya kwanza kwa wimbo huu, wakichanganya picha zao na vipande vya filamu ya 1971 ya Dalton Trumbo, na wimbo ukaingia kwenye 40 bora za Marekani.

Februari 1989 zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo za Grammy za rock nzito na metal. Metallica walipiga One jukwaani usiku uleule, na tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi ambayo wengi hawakuihesabu kuwa ya metal. Watu wengi walikasirika kwa niaba yao. Kampuni ikabandika kwenye albamu karatasi inayotangaza kwamba wameshindwa, nayo ikaendelea kuuzwa. Mwaka uliofuata One ilishinda.

Nayataja haya kwa sababu mafanikio hayo ndiyo yaliyokifunga kisa. Albamu ikivuma, kasoro yake hugeuka kuwa tabia yake. Maelfu ya wapiga gitaa chipukizi walijifunza kwa ukavu ule, wakautafuta kwenye amplifaya zao, wakarekodi demo zao vilevile. Sauti ambayo ilitokana na uchovu, haraka na watu wawili wasio na wa kuwapinga ikawa shabaha ya wengine.

Kwa bahati jukwaa lilihifadhi kile studio ilichokizika. Sehemu ya ziara ya albamu hii ilirekodiwa Seattle mwezi Agosti 1989, na rekodi hiyo ikatoka mwaka 1993 ndani ya boksi lao la maonyesho ya moja kwa moja. Anayetaka kujua nyimbo hizi zilikuwa na nini aanzie hapo. Blackened ya Seattle ina kifua. Newsted anapiga na kuitikia kwa sauti, magitaa yanasimama juu ya kitu, na unagundua kwamba mistari ileile uliyoizoea ikiwa mikavu ilikuwa na mwili muda wote.

Na mwaka 1990, walipoingia tena One on One kurekodi albamu iliyofuata, prodyuza mpya Bob Rock alikuwa chumbani kila siku na alikuwa tayari kubishana nao. Besi ikarudi, ngoma ya mguu ikapata kina, na Newsted akasikika. Mpiga besi alikuwa yuleyule na jengo lilikuwa lilelile, lakini mara hii kulikuwa na mtu wa tatu mwenye mamlaka.

Irekebishwe au iachwe?

Mashabiki hawakusubiri. Michezo ya video ya kupiga ala ilipotoka, ikiwa na nyimbo za Metallica zilizotenganishwa ala kwa ala, watu wakachota besi ya Newsted humo, wakaipandisha, wakasambaza matoleo yao, mengine yakiwa na jina la kumtaka haki Jason. Nimeyasikiliza kadhaa. Yanathibitisha aliyoyasema Rasmussen: besi ilikuwepo, safi, na nyimbo zinaibeba bila shida. Mengi yao lakini yamepita kiasi upande wa pili, besi imepandishwa hadi ngoma zinaelea, maana mtu anayelipiza dhuluma kwa kitufe kimoja hachanganyi, anaadhibu.

Novemba 2018 Metallica walitoa upya albamu hii. Walisafisha sauti lakini hawakuchanganya upya. Msimamo wao ni kwamba rekodi ni picha ya wakati wake, na kuigusa ni kubadilisha historia. Wengi walivunjika moyo.

Nakubaliana nao nusu. Mchanganyo wa 1988 usifutwe. Ndio ulioingia masikioni mwa watu, ndio uliobadilisha thrash, na ndio ushahidi wa namna bendi ile ilivyokuwa miaka miwili baada ya kumzika Burton. Kuubadilisha kimyakimya na kuuza mpya kwa jina lilelile kungewafichia wasikilizaji wajao kilichotokea. Lakini boksi kubwa la 2018 lilijazwa demo, michanganyo ya awali ambayo haikukamilika, na maonyesho ya jukwaani, saa nyingi za muziki. Lilikuwa na nafasi ya santuri moja zaidi. Mikanda ipo. Newsted yu hai, amesema ameshafanya amani na albamu hiyo, na mwaka 2009 alipanda jukwaani pamoja nao Cleveland. Wangemwita akae mbele ya mtambo pamoja na Rasmussen, wasikilize nyimbo 9 kwa masikio yaliyopumzika, wachanganye upya, na waiweke kazi hiyo kando ya ile ya zamani ikiwa na majina ya waliohusika na mwaka iliyofanywa. Kazi hiyo bado inaweza kufanyika, na anayestahili kuiomba ni Hetfield na Ulrich.